Kuachia Mkono Mmoja

Katika ufundi wote wa kuendesha baiskeli, ninaoupenda zaidi ni ule mdogo usiopigiwa makofi: kutoa mkono mmoja kwenye usukani na kuunyoosha, anayekuja nyuma ajue unakata kona. Watoto huupata bila kujua wameupata. Aliyejifunza ukubwani anaweza kuendesha miaka nenda rudi, akapanda vilima na gunia kwenye karia, na bado mkono huo ukagoma. Anajua la kufanya, ila vidole havifunguki.

Shangazi yangu alikuwa hivyo. Nilipomtazama kwa karibu niliona viwiko vimekakamaa, macho yameganda kwenye tairi la mbele, na uzito wa kifua chote umelalia viganja. Aliyekaa hivyo akitoa mkono wa kulia, uzito unabaki kwa wa kushoto, usukani unapinda, baiskeli inayumba, na woga unapata ushahidi. Kumwambia “usiogope” ni kumwonea. Woga wake ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa kwenye mkao.

Basi tukaanzia tumboni. Tumbo likaze kidogo, kiti kibebe uzito, viwiko vilegee, usukani aushike kama mtu aliyeshika kifaranga. Macho yaende mbele, kwenye mti wa mwisho wa uwanja. Mwendo uwe wa wastani, maana baiskeli inayojikokota ndiyo huyumba zaidi. Kisha vidole vikafunguka kimoja kimoja, kiganja kikabaki kimeegea tu, kikainuka kidogo, kikarudi. Baada ya siku kadhaa mkono ukatua pajani, naye akaacha kubana pumzi.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ikimsaidia. Ikiwa mwendoni ikaanza kulala upande mmoja, gurudumu la mbele hugeukia upande huohuo na kurudi chini ya mzigo. Wilbur Wright, aliyekuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio, na mdogo wake Orville kabla hawajarusha ndege yao mwaka 1903, aliwauliza waendeshaji wengi wanakataje kona ya kushoto. Hakumpata aliyejibu sawasawa mara ya kwanza. Kumbe usukani huguswa kidogo kuelekea kulia kwanza, baiskeli ikainamia kushoto, ndipo ikapinda. Mwili hufanya hivyo kila siku na akili haina habari. Kwa hiyo nikaacha kumweleza shangazi mambo mengi, nikamwachia mkono wake ujifunze.

Kwetu tunakopita kushoto, mkono wenye kazi nzito ni wa kulia, kwani kukata kulia ni kuvuka njia ya magari. Mpangilio wa breki katika baiskeli za Uingereza unalifaa hilo: ya mbele huwekwa kulia, ya nyuma kushoto. Mkono wa kulia ukiwa hewani, wa kushoto bado unakamata gurudumu la nyuma, na breki hiyo haimrushi mtu juu ya usukani.

Faida nyingine aliivumbua mwenyewe. Mkono ukiwa pajani bega huwa huru, mtu akageuza shingo bila usukani kulifuata. “Kumbe naona mpaka namba ya gari!” alinipigia kelele. Siku hizi hutazama nyuma, hunyoosha mkono, huungoja mwendo wa dereva upungue, ndipo huingia.