"Kinywaji cha Kuongeza Nguvu": Uhakiki wa Istilahi za Vinywaji vya Wakweaji Miamba

Miongoni mwa maneno yaliyoenea upesi madukani, magazetini na katika maandiko ya michezo ni fungu la maneno "kinywaji cha kuongeza nguvu". Limeenea kwa sababu ni jepesi kutamka na lina sura kamili ya Kiswahili. Hata hivyo, wepesi wa neno si hoja ya kutosha kulipa hadhi ya istilahi. Katika makala haya tunakusudia kulipima fungu hilo kwa mizani moja tu: je, humfikisha msomaji kwenye kitu chenyewe, au humpoteza njiani? Tumechagua kulipima katika ukweaji wa miamba, kwa kuwa huko kosa la neno laweza kuudhuru mwili.

Kwanza tuseme kidogo juu ya kitendo chenyewe. Wengi huandika "kupanda miamba". Si kosa, lakini kitenzi hicho kimekwisha kulemewa: mtu hupanda mbegu, hupanda basi, na bei nazo hupanda. Kukwea ndilo neno la mtu anayejivuta kwenda juu kwa mikono na miguu, kama afanyavyo mkwezi mnazini. Kwa kuwa mkwezi ana kazi yake inayojulikana, yafaa mwanamichezo huyu aitwe mkweaji.

Mkweaji wa Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye urefu wa mita 5,199, ambacho Halford Mackinder na wenzake César Ollier na Joseph Brocherel walikifikia mwaka 1899, huweza kutumia siku nzima akiwa ameshikilia mwamba. Hewa ya huko ni haba na kavu, na maji humtoka kwa pumzi hata asipoona jasho. Katika magenge ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, jua ndilo limkaushalo. Kotekote, akiwa juu ya mwamba, hunywa kile tu alichokibeba. Uchaguzi wake hufanyika mapema, dukani au kambini, na mara nyingi hufanyika kwa kusoma jina.

Mwili wake unadai vitu vitatu. Cha kwanza ni maji. Cha pili ni chumvi, hasa sodiamu, ambayo hutoka pamoja na jasho. Cha tatu ni sukari, ambayo misuli huitumia kupata nishati. Katika kazi ya saa nyingi, wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Kwa ukweaji wa muda mfupi, maji na chakula cha kawaida hutosha. Kwa siku nzima, kinywaji chenye chumvi kidogo na sukari ya gramu 6 hadi 8 katika kila mililita 100 hufaa zaidi. Kinywaji cha namna hiyo ndicho kilichobuniwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kikaitwa Gatorade.

Kopo linalouzwa kwa jina la "kuongeza nguvu" ni kitu kingine kabisa. Kopo la Red Bull la mililita 250, kwa mfano, lina miligramu 80 hivi za kafeini, karibu sawa na kikombe cha kahawa, na sukari ya gramu 11 katika kila mililita 100. Sukari nzito namna hiyo huchelewa kutoka tumboni. Kafeini yenyewe haina nishati hata chembe. Huchangamsha akili na kuficha uchovu. Hatusemi kwamba ni sumu, wala kwamba kiasi kidogo chake hukausha mwili. Lakini ikizidi, mikono hutetemeka, moyo hupiga mbio na usingizi hupaa, na mkweaji hukutegemea kutulia kwa mikono yake.

Kosa limetoka wapi? Kiingereza ndicho kilichotangulia kukiita kinywaji hiki kwa neno la nishati, nalo lilikuwa neno la biashara. Mfasiri wetu akatafsiri ahadi ya mfanyabiashara badala ya kutafsiri dhana. Kisha akaongeza la pili: nishati, neno ambalo walimu wetu wa sayansi wamelizoea, akaliacha na kutwaa "nguvu", neno pana lenye kubeba afya, uwezo na mamlaka. Isitoshe, "dawa ya kuongeza nguvu" mitaani ina maana ambayo haihitaji kufafanuliwa hapa.

Tulinganishe na istilahi iliyofaulu. Akina mama wengi wamefundishwa kumpa mtoto anayeharisha "maji ya chumvi na sukari". Jina hilo hutaja kilichomo na haliahidi lolote. Mama asiye na pakiti ya dawa hulifuata jina, akachanganya lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, akamwokoa mwanawe. Hapo istilahi imefanya kazi ya mwalimu.

Wapo watakaodai kwamba dhana hizi ni ngeni, hivyo tutohoe tu "haidresheni" na "elektrolaiti". La pili twalikubali katika vitabu vya kemia. Katika maelezo ya wananchi, "chumvi za mwili" linatosha. La kwanza hatulihitaji. Wananchi husema mgonjwa "ameongezewa maji" anapotundikiwa dripu. Kutokana na usemi huo, "kurudisha maji mwilini" linaeleweka bila mkalimani.

Hata agizo "kunywa maji mengi" linahitaji kusahihishwa. Uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa mbio za Boston za mwaka 2002, ukachapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba asilimia 13 kati yao walimaliza sodiamu ikiwa imepungua mno katika damu, na waliokunywa kupita kiasi ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Neno "mengi" halina kipimo. Afadhali mfasiri aandike "kunywa kadiri ya kiu", maana kiu ni neno la kale ambalo kila mtu anacho kipimo chake.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kinywaji chenye kafeini kiitwe kinywaji cha kafeini. Kwamba chai na kahawa nazo zitaingia humo si kasoro, bali ni ukweli. Kinywaji chenye wanga na chumvi kwa ajili ya michezo kiitwe kinywaji cha sukari na chumvi. Maji yabaki maji. Na kanuni ya jumla iwe hii: istilahi ya kitu kinachonywewa itaje kilichomo, si kinachoahidiwa.

Tunawaomba walimu wayajaribu mapendekezo haya madarasani, wafasiri katika lebo na vipeperushi, na watumishi wa serikali katika nyaraka za afya na utalii, kisha watuletee maoni yao. Neno lisilofaa na likataliwe mapema, kabla halijamfikia mtu aliye juu ya mwamba na chupa moja mkobani.