Mwanafunzi wa Ualimu Hayumo

Wahakiki wenzangu, tumezoea kusema kwamba riwaya ya Zanzibar ni riwaya ya mapambano. Sawa. Lakini hebu tuulize: wanaopambana ni akina nani, na mwamko wao wameupata wapi?

Katika Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi, Denge kasoma Urusi, na harakati zake ni za mjini. Katika Kuli (1979) mwandishi huyohuyo anatupeleka bandarini, kwenye mgomo wa 1948. Simlaumu, maana bandari na mji ndivyo vilivyokuwa. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi wa ualimu wa shamba hayumo. Tukimtafuta tunampata bara, katika Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi. Naye tunamjadili vipi? Tunahesabu wanaume wake! Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa ajili ya maadili, na uhakiki wetu mwingi umeganda papo hapo. Kwamba binti wa Ukerewe anasomea ualimu chini ya wakubwa wenye nguvu zote juu yake, hilo tunalipita mbio.

Meksiko hawakulipita. Lucio Cabañas alisomea ualimu katika chuo cha shamba cha Ayotzinapa, akafundisha, kisha akaongoza wakulima kwa silaha mpaka kufa kwake 1974. Carlos Montemayor akamfanya mhusika mkuu wa riwaya yake, Guerra en el Paraíso (1991). Tarehe 26 Septemba 2014, wanafunzi 43 wa chuo kilekile walipotezwa mjini Iguala. Serikali ikatoa kisa chake: wameuawa na wahalifu, wakachomwa moto jalalani. Mwaka 2015 wataalamu wa kimataifa wakakikataa. Fasihi haikuwaokoa vijana wale, lakini iliacha ushahidi kwamba kisa cha serikali si kisa pekee.

Na sisi Pemba je? Baada ya Mapinduzi ya 1964, msimu wa karafuu ukifika shule zilikuwa zikifungwa, wanafunzi wakapelekwa makambini kuchuma. Baadhi yao ndio waliokuja kutufundisha. Walinung'unika? Walikataa? Walijibu nini? Riwaya yao iko wapi?

Mhakiki si lazima aiandike yeye. Lakini tuache kuridhika na kuorodhesha dhamira na tamathali kama wa mtihani. Tuulize pia nani kaachwa nje ya kitabu, tena tuwaulize walimu wetu wangali hai.