Pikipiki kwa stesheni za Mjerumani

Atokaye Kwamndolwa, Korogwe, kwa pikipiki kwenda Same ana njia mbili. Ya lami haina la kuchambua: ni mabasi na malori tu. Ya pili ni kuungaunga njia za vumbi za vijijini, stesheni hadi stesheni ya reli ya Tanga hadi Moshi: Korogwe, Mombo, Mkumbara, Buiko, Hedaru, Makanya.

Wajerumani waliianza reli hii Tanga mwaka 1893. Ilipofika Muheza mwaka 1896, kilomita 40 tu, kampuni iliyokuwa ikiijenga ikaishiwa fedha. Serikali yao ikaichukua, ikaifikisha Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Wapimaji waliipitisha chini ya Usambara na Pare kwa sababu injini ya mvuke haipendi kilima, na haiendi mbali bila maji. Maji yanashuka milimani. Pikipiki nayo inataka tambarare, na dereva wake ana kiu. Basi anajikuta akigawa safari kwa vituo vilevile.

Mkumbara pafaa kusimama. Hapo ndipo mbao za Shume zilipokuwa zikiteremshwa kwa waya kutoka juu mlimani hadi kwenye reli.

Baada ya Mombo nchi inakauka, maana milima imeikinga mvua ya bahari. Kazi sasa ni mchanga wa makorongo. Dereva anayejua hupunguza upepo wa tairi kidogo, husimama juu ya vikanyagio, hurudisha uzito nyuma na kushikilia moto bila kusitasita. Breki ya mbele haigusi: tairi likizama, usukani unapinda na mtu yuko chini. Akitoka mchangani hujaza upepo tena, kwani tairi legevu likigonga jiwe hubana tyubu dhidi ya rimu, na pancha yake huwa matundu mawili. Ya miiba ya migunga ni tundu moja. Mnyororo anaupangusa kabla ya kuupaka oili. Oili juu ya vumbi ni msasa, inakula meno ya spoketi.

Asichopaswa kufanya ni kukatisha juu ya tuta la reli akidhani limekufa. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019.