Swali la fizikia ni matini, tulisome kabla ya kukimbilia kanuni

Juzi nikiwa nyumbani Msambweni, mjukuu wangu wa kidato cha tatu aliniletea daftari akiwa amenuna. "Babu, swali hili halina jibu. Kanuni yataka namba tatu, nao wamenipa mbili tu!"

Swali lilikuwa kwa Kiingereza. Nalifasiri hivi: gari linaanza mwendo kutoka hali ya utulivu, kasi yake ikiongezeka kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde. Baada ya sekunde 10 litakuwa limekwenda umbali gani?

Mimi ni mtu wa lugha. Fizikia niliiacha zamani. Nikamwambia afunge daftari anisimulie kilichotokea. Akasema, "Gari lilikuwa limesimama steji, halafu likaondoka." Nikamuuliza, "Lililosimama lina kasi gani?" Akacheka. "Kumbe ni sifuri!" Namba ya tatu ilikuwa imejificha ndani ya maneno. Yaliyobaki aliyamaliza mwenyewe: kasi ya mwisho ni mita 20 kwa sekunde, wastani wa sifuri na 20 ni 10, mara sekunde 10, basi ni mita 100.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na namna tunavyofundisha. Mwanafunzi huzoeshwa kuokota namba na kuyaruka maneno, kana kwamba maneno ni mapambo. Ilhali swali la fizikia ni matini kama matini nyingine, na Kiswahili kina zana za kulisomea. Tazama kitenzi "simama". Gari "lilikuwa limesimama" lina kasi ya mwanzo ya sifuri. Gari "likasimama" lina kasi ya mwisho ya sifuri. Kitenzi ni kimoja, ila -me- na -ka- zinakupeleka kwenye ncha mbili tofauti za hesabu.

Sisemi kwamba istilahi zetu hazina dosari. Wenzetu wa Tanzania wana neno "mchapuko", kutokana na kuchapuka. Ni neno zuri, lakini mitaani anayechapuka ni mwenye haraka, na mwanafunzi hudhani gari lenye kasi kubwa ndilo lenye mchapuko mkubwa. Sivyo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa bila kubadilika, katika barabara iliyonyooka, halina mchapuko hata chembe. Linalofunga breki ndilo linao, tena wa hasi. "Mwendokasi" nalo, tangu 2016, kwa mkazi wa Dar es Salaam ni basi kabla ya kuwa kipimo. Istilahi isiyofafanuliwa kwa mifano hugeuka mtego.

Je, haya yana uzito gani nje ya darasa? Hebu tutoke kwenye barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, inayopita hapa kwetu. Tuseme breki za gari hupunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Likiwa na kilomita 40 kwa saa, litasimama baada ya mita 12 hivi. Likiwa na 80, ambacho ndicho kikomo cha matatu tangu sheria za Michuki za mwaka 2004 zilipoleta vidhibiti mwendo, litahitaji mita 49 hivi. Kasi imezidi mara mbili, umbali umezidi mara nne. Na hapo hatujahesabu muda wa dereva kushtuka. Mtoto anayevuka akienda shule anastahili dereva aliyeielewa hesabu hiyo kwa lugha anayoiwazia.

Galileo alipochapisha kitabu chake kuhusu mwendo huu mwaka 1638, nadharia zenyewe aliziandika kwa Kilatini cha wasomi, lakini mazungumzo ya kuzifafanua aliyaandika kwa Kiitaliano. Hakuona aibu, na sayansi haikupungua.

Basi, mtihani na ubaki kwa Kiingereza kama ndivyo ulivyopangwa. Ila mwalimu wa fizikia, kabla hujaandika kanuni ubaoni, mwambie mwanafunzi akusimulie swali kwa Kiswahili: nini kilikuwa kimesimama, nini kikaondoka, nini kikasimama. Akishindwa kusimulia, tatizo lake si hesabu. Bado hajalisoma swali.