Fulana Inayomtosha Kila Mwanachama

Sherehe za kitaifa za Mei Mosi nchini Tanzania huhama mkoa hadi mkoa: Morogoro mwaka 2023, Arusha 2024, Singida 2025. Kokote zinakofanyika, wafanyakazi hupita mbele ya jukwaa kuu kwa makundi, walimu kwa rangi yao, wauguzi kwa yao, watu wa bandari na reli kwa yao, kauli mbiu ya mwaka ikiwa mgongoni. Watazamaji wengi husoma mabango. Mimi huangalia mabega. Mshono wa fulana ukikaa pale bega linapoishia, kwa mama mfupi aliye safu ya mbele na kwa baba mnene aliye nyuma kabisa, najua kuna mtu katika ofisi ya chama cha wafanyakazi aliyeanza kazi mapema na kuifanya kwa makini. Makala haya ni ya kumsifu mtu huyo, pamoja na fundi anayemtegemea.

Kazi yenyewe huanza kwenye daftari. Chama kina orodha ya makato ya ada kutoka kwenye mishahara, na ni rahisi kudhani kwamba orodha hiyo inatosha kuagizia fulana. Haitoshi. Inaonyesha nani analipa, lakini haijui kwamba mwalimu fulani amehamia wilaya nyingine mwezi uliopita, kwamba mwingine anastaafu kabla ya Mei, au kwamba shule mpya imepokea waajiriwa ambao makato yao bado hayajaanza. Katibu mzuri wa wilaya huituma orodha hiyo kwa wawakilishi wa matawi, kila mmoja apate kipande cha tawi lake, na kuwaomba jambo moja: futa aliyeondoka, ongeza aliyefika. Orodha hurudi wilayani kwa mtu mmoja tu. Ikiwa na watunzaji wawili, baada ya wiki moja kutakuwa na orodha mbili zinazopingana.

Halafu huja suala la saizi, na hapa ndipo ninapoiheshimu zaidi kazi hii. Ukimuuliza mtu anavaa saizi gani, wengi hujibu kwa kumbukumbu ya zamani au kwa matamanio. Zaidi ya hapo, L ya kiwanda kimoja inaweza kuwa M ya kingine. Kwa hiyo katibu mwenye uzoefu huazima kwa muuzaji fulana moja ya kila saizi, za kiwanda kilekile kitakachonunuliwa, na kuzizungusha kwenye matawi. "Shikamoo mwalimu, naomba uijaribu hii kidogo juu ya shati lako." Mzee huvaa, hunyoosha mikono, huinua chaki ya kufikirika ubaoni. Ikimbana kwapani, huandikiwa kubwa zaidi bila maelezo mengi. Hakuna anayetajiwa uzito wake mbele ya wenzake, na hakuna anayebaki kukisia. Pale fulana za mfano zisipoweza kufika, mwakilishi hupima kwa futi ya fundi cherehani fulana ambayo mwanachama anaipenda: upana kutoka kwapa hadi kwapa, urefu kutoka bega hadi pindo. Vipimo viwili hivyo vinatosha.

Wakati saizi zinakusanywa, mchoro nao unakamilishwa. Nembo iliyopita kwenye simu kumi kupitia WhatsApp huwa imechakaa kingo zake, na ikikuzwa mgongoni ukubwa wa sahani huonekana kama imeliwa na mchwa. Ofisi iliyojipanga hutunza faili moja la asili la nembo, lile la vekta ambalo hukuzwa bila kupoteza makali, pamoja na namba ya rangi ya chama, ili bluu ya mwaka huu isiwe zambarau mwaka ujao. Tena hutenganisha kinachodumu na kinachobadilika. Nembo ya kifuani ni ileile kila mwaka, hivyo inaweza kuchapwa mapema. Kauli mbiu ya mgongoni husubiri ithibitishwe. Maneno ya kauli mbiu husomwa kwa sauti na watu wawili, herufi kwa herufi, kwa kuwa kosa la tahajia kwenye karatasi hufutwa, lakini kwenye mgongo wa walimu mia sita hutembea mjini mchana kutwa.

Kuunganisha oda zote kuwa moja kuna sababu ya hesabu, na fundi wa uchapaji ataieleza vizuri kuliko mtu yeyote. Katika uchapaji wa skrini kila rangi huhitaji fremu yake, na gharama ya kuandaa fremu ni ileile uchape fulana moja au elfu. Tuseme maandalizi yanagharimu shilingi 60,000. Tawi la watu 20 likienda peke yake Kariakoo, kila fulana hubeba 3,000 za maandalizi. Matawi yakiungana na kufika watu 600, kila fulana hubeba 100. Tofauti hiyo inaweza kununua kitambaa kizito kidogo, chenye gramu 180 kwa mita ya mraba badala ya kile chepesi kinachoonyesha mwili baada ya kufuliwa mara tatu.

Kwa fundi nako kuna mengi ya kutazama. Huupaka wavu uliowambwa kwenye fremu dawa inayokakamaa kwa mwanga, na kuuacha ukauke mahali penye giza. Kisha huweka karatasi angavu yenye mchoro mweusi na kuwasha taa kali. Pale mwanga ulipopita dawa hushika. Pale weusi ulipouzuia hubaki laini, na maji huiosha. Sasa wavu una njia za wino zenye umbo la nembo. Fulana hulazwa kwenye ubao, fremu hushushwa, wino husukumwa kwa raba, mkono ukishika pembe ileile na nguvu ileile tangu fulana ya kwanza hadi ya mwisho. Kama kitambaa ni cheusi au bluu iliyokoza, hutanguliza tabaka la wino mweupe, hulikausha kidogo kwa moto, ndipo njano hukaa juu yake iking'aa; bila weupe huo, njano ingefifia. Rangi ya pili lazima iangukie palepale ilipoachiwa nafasi, la sivyo herufi zote zitakuwa na kivuli.

Mwisho wino huivishwa. Ule wa plastiki huhitaji joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na liingie hadi chini ya tabaka zima. Usipoiva hukauka juu tu, na baada ya kufuliwa mara chache maandishi huanza kupasuka. Fundi anayejali huchukua fulana moja, huuvuta mchapo kwa vidole, hutazama kama unanyumbuka au unachanika, kisha huifua. Katibu anayejali naye hudai kuiona sampuli hiyo iliyofuliwa kabla ya kutia saini ili nyingine zote zichapwe. Kati ya watu hawa wawili, saini juu ya sampuli ndiyo inayolinda urafiki: baadaye hakuna ubishi kuhusu rangi iliyokusudiwa.

Kuna swali jingine ambalo chama cha wafanyakazi hakiwezi kulikwepa: ni nani aliyeishona fulana hii, na alilipwaje? Huko Marekani, watengeneza sigara wa California walianza miaka ya 1870 kubandika lebo ya chama chao kwenye bidhaa, na hadi leo vyama vingi vya huko hutafuta alama ndogo ya wachapaji waliojiunga na chama kabla ya kulipia fulana au bango. Kwetu pamba hulimwa Simiyu na Shinyanga, na viwanda vya nguo vimekuwepo tangu zama za kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam. Katibu anayeuliza muuzaji mzigo umetoka kiwanda gani, na anayechagua fulana iliyoshonwa na watu wenye mikataba pale inapopatikana, anafanya kazi ya chama hata akiwa dukani.

Fulana zikitoka kwa fundi hazimwagwi kwenye chumba cha mikutano ili mwenye nguvu achague kwanza. Hufungwa kwa tawi, na ndani ya tawi kwa saizi, karatasi ya majina ikiwa juu. Chache za ziada za saizi zinazovaliwa na wengi hubaki wilayani kwa ajili ya yule aliyeajiriwa Aprili. Mwakilishi hugawa, kila mtu husaini mbele ya jina lake, na karatasi hurudi ofisini.

Karatasi hizo zilizosainiwa zina thamani zaidi kuliko fulana zenyewe. Ndani yake mna orodha ya wanachama walio hai, iliyohakikiwa tawi kwa tawi na watu wanaofahamiana kwa sura. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, chama kinachowakilisha wafanyakazi walio wengi katika eneo la majadiliano ndicho chenye haki ya kutambuliwa na mwajiri kuwa msemaji wao pekee. Wingi huo huthibitishwa kwa kuhesabu, na mwajiri naye ana wahesabu wake. Ofisi iliyoweza kumpatia kila mwanachama fulana yenye mabega sahihi inajua wanachama wake ni akina nani na wako wapi, na inaweza kuingia kwenye majadiliano ya mishahara bila kubabaika juu ya idadi. Kwa hiyo makatibu wa wilaya waanze Januari, orodha mkononi, na wasimwache mwanachama yeyote bila kupimwa.