Chumvi, Vipepeo na Neno "Jamii"

Kila kabrasha la uongozi unaojali mazingira linalonipitia mikononi hapa Malindi lina mhusika mmoja asiyekosekana: jamii. Jamii inashirikishwa, inahamasishwa, inawezeshwa, kisha inapigwa picha ikishika miche ya mikoko. Vitenzi vitatu vya kwanza vyote vinaishia na -shwa. Hadithi fupi yenye mhusika wa hivyo, mhariri angeirudisha: huyu hana mdomo wala hasira, yuko hapa kufanya nini?

Ndiyo maana bado naithamini ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, iliyotoka 2006 baada ya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi vya Magarini. Lugha yake ni kavu, lakini humo watu wanasema: ardhi waliyofurushwa, mikoko iliyokatwa kupisha mabwawa ya chumvi, visima vilivyoharibika, vibarua wanaofanya kazi bila vifaa vya kujikinga. Ukishaisoma, ni vigumu kurudi kwenye kabrasha lenye picha za miche ukaridhika. Kasoro yake ni kwamba imeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Marereni asiyekijua hawezi kukagua kama maneno yake yameandikwa sawasawa. Amesikilizwa, sawa, lakini neno la mwisho si lake.

Sasa linganisha na Kipepeo, mradi ulioanza 1993 pale Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakulima wanaopakana na msitu wanafuga viwavi, wanauza pupa, nao pupa wanasafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Hebu tazama vitenzi: wanafuga, wanauza. Mbegu ya vipepeo inatoka msituni, kwa hiyo msitu ukifyekwa, pesa nazo zimekwenda. Mkulima hahitaji semina ya kumwambia mti una faida. Anaiona siku ya malipo.

Siusifu mradi kupita kiasi. Soko liko ng'ambo, na bei haipangwi Gede. Pupa naye hangoji mtu: nyumba za maonyesho zikifungwa, atatoka kipepeo aruke zake, na mkulima abaki na kazi isiyo na mnunuzi. Kumpa mtu kipato si sawa na kumpa sauti mezani, na hapo ripoti ya chumvi na mradi wa vipepeo vinakutana: kimoja kimewapa watu kusema, kingine kimewapa kuuza. Kuamua bado ni kwa wengine.

Basi kiongozi wa hoteli, kiwanda au shirika akikuletea ripoti yake ya mwaka, ziruke picha. Tafuta sentensi moja tu ambayo jamii ndiyo iliyokataa jambo, na likakatalika. Usipoipata, hiyo ripoti ni tangazo la biashara, na lisomwe hivyo.