"Wewe Pia": Lugha na Mahali katika Wimbo Yo Pe wa Innoss'B

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuupita wimbo wa dansi kando, kana kwamba kinachochezwa hakistahili kuchambuliwa. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuutazama wimbo mmoja wa aina hiyo, Yo Pe wa Innoss'B, pamoja na picha yake ya video, na kuuliza swali moja tu: je, wimbo wa mwana wa Goma unabeba nini cha nchi iliyo nyuma ya mji huo, yaani Masisi na Walikale?

Msanii huyu alizaliwa Goma mwaka 1997, na mwaka 2010, akiwa bado mtoto, alishinda shindano la uimbaji la Vodacom Superstar. Yo Pe ulitoka mwaka 2019. Mwaka huohuo lilitolewa toleo la pili, aliloliimba pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, nalo limetazamwa zaidi ya mara milioni 100 katika YouTube. Jina la wimbo ni la Kilingala, na maana yake ni "wewe pia". Dhamira yake ni mapenzi, na mdundo wake umefumwa kwa kompyuta.

Tukianza na fani, nguvu ya wimbo huu imo katika takriri. Maneno ni machache, nayo hurudi pamoja na mdundo hadi msikilizaji anayatarajia kabla hayajatamkwa. Video nayo imejengwa juu ya uchezaji wa kundi, na hatua zake ziliigwa na vijana wengi waliojipiga picha wakicheza. Kwa hiyo jina la wimbo si la mpenzi peke yake. "Wewe pia" ni mwaliko kwa hadhira, na hadhira iliuitikia kwa miili yao. Hapo ndipo tunapoona ufundi halisi wa kazi hii.

Anayedhani kwamba mbinu hiyo imeletwa na kompyuta na akumbuke Walikale. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliokusanywa na Daniel Biebuyck mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene, haukuwa maneno matupu. Fanani, Candi Rureke, aliusimulia, akauimba, akaucheza na kuuigiza. Vijana walipiga kwa vijiti gongo lililolazwa juu ya vijiti vingine, na wasikilizaji wakaitikia vibwagizo. Mdundo usiokatika, mwimbaji anayecheza, hadhira inayojibu: hayo yote yalikuwako msituni kabla ya studio. Hatudai kwamba Innoss'B ameiga karisi, kama Wanyanga wanavyouita utanzu huo. Tunadai tu kwamba mhakiki anayeuheshimu utendi hana sababu ya kuudharau wimbo wa dansi kwa kuwa unachezwa.

Wapo watakaolaumu maudhui. Watasema: nchi inawaka moto, naye anaimba mapenzi! Lawama hii hatuikubali. Kwa miaka mingi wasanii wa Kivu wameombwa nyimbo za amani na za kuomboleza, kana kwamba mtu wa Masisi hana jambo jingine la kusema duniani ila msiba wake. Anayetoka katika nchi ya vita ana haki ya kupenda na kucheza kama mwenzake wa Kinshasa au Dar es Salaam.

Kasoro tunayoiona ni nyingine, nayo ni ya lugha. Katika toleo la pili, mwana wa Goma anaimba zaidi kwa Kilingala, na Kiswahili kinaletwa na mgeni, tena ni Kiswahili cha Dar es Salaam. Kiswahili cha Kivu, kinachowakutanisha Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakumu na wasemaji wa Kinyarwanda sokoni, shuleni na katika kambi za wakimbizi, hakikupewa kiti. Sababu za soko zinaeleweka: tangu miaka ya 1940 studio za Kinshasa zimekifanya Kilingala kuwa lugha ya muziki wa Kongo, na Tanzania ina soko lake kubwa. Lakini sababu za soko si hukumu juu ya uwezo wa lugha. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga, alisikilizwa hadi Nairobi. Hakungoja lahaja yake isafishwe kwanza.

Isitoshe, lahaja yetu ina mali ambayo mtunzi wa midundo angeweza kuitumia. Pale Kiswahili sanifu kinaposema "mtu" na "mtoto", sisi husema "mutu" na "mutoto". Irabu hiyo ya kwanza huibeba noti vizuri kuliko m peke yake. Kiambishi -ka cha mazoea, kama katika "tunachezaka", huongeza silabi ya mwisho ambayo ngoma yaweza kuiangukia. Udogo wa "katoto" na "tutoto" una mahaba yanayofaa kabisa wimbo wa mapenzi. Haya mwanafunzi wetu huyasema kila siku, kisha darasani tunayakata kwa wino mwekundu.

Masisi na Walikale zimo katika muziki wa kielektroniki kwa njia moja ambayo haisikiki. Kompyuta inayofuma mdundo na simu inayoonyesha video zina vipande vidogo vya kuhifadhi umeme, na baadhi yake hutengenezwa kwa tantalamu itokayo katika koltani. Machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, yaliyoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Aprili 2024, yamekadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya tantalamu ya dunia. Vipande hivyo huunganishwa kwa kulehemu kwa bati, na Bisie, wilayani Walikale, ni mojawapo ya machimbo makubwa ya bati. Mgodi wake wa kisasa ulianza kuzalisha mwaka 2019, mwaka uleule wa Yo Pe. Basi wilaya hizi mbili huenda zimo ndani ya chombo, lakini hazimo katika sauti yake. Jiwe lao hupita mipaka yote, na usemi wao huachwa Sake.

Lawama ya kasoro hiyo haimwangukii msanii mmoja aliyefanya kazi yake vizuri. Inatuangukia zaidi sisi tunaofundisha. Kijana aliyeambiwa kwa miaka 12 ya shule kwamba Kiswahili cha mama yake ni makosa hawezi kukipeleka studio kwa kujiamini. Tunapendekeza wanafunzi wa idara zetu wakusanye nyimbo za dansi zinazotungwa kwa lahaja ya Kivu, wazinukuu kama zinavyotamkwa, bila kuzisahihisha, na kuzihakiki kwa vigezo vilevile vya fani na maudhui tunavyovitumia kwa tenzi. "Wewe pia" ni maneno mazuri ya kumwambia mpenzi. Tungependa Kiswahili cha Masisi na Walikale nacho kiambiwe hivyo.